Fundi: Mimi

Gari namba 34 lilikuwa na maandishi madogo ubavuni, karibu na dirisha la dereva. Juu liliandikwa jina la mwenyewe, Wendell Scott. Chini yake kulikuwa na maneno mawili ambayo kwa Kiswahili ni haya: Fundi: Mimi.

Katika mbio za magari za kusini mwa Marekani miaka ya 1960, timu kubwa zilikuwa na fundi wa injini, fundi wa bodi, watu wa kubadilisha tairi, na kampuni ya kulipa bili zote hizo. Scott alikuwa na gereji yake ndogo, watoto wake wa kumpa spana, na mikono yake mwenyewe. Alikimbia mbio 495 katika daraja la juu kabisa la NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo, akashinda moja. Anayeisoma hesabu hiyo peke yake atadhani huyu alikuwa dereva wa kawaida. Ili kumwelewa inabidi tuulize mengine: alikimbia na gari la namna gani, alifungiwa milango ipi, na siku ile moja aliyoshinda alifanyiwa nini.

Danville, 1921 hadi 1949

Wendell Oliver Scott alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921 mjini Danville, jimbo la Virginia, jirani kabisa na mpaka wa North Carolina. Ulikuwa mji wa tumbaku na viwanda vya pamba. Aprili 1865, majimbo ya Kusini yaliyopigania kuendeleza utumwa yalipokuwa yakishindwa vita, serikali yao ilikimbilia hapo, na kwa siku chache Danville ikawa makao yao makuu ya mwisho. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mtoto mweusi aliyezaliwa mjini hapo aliikuta Kusini imejijenga upya kwa sheria za ubaguzi zilizojulikana kama Jim Crow. Sheria hizo zilipanga nani asome shule ipi, nani aketi wapi kwenye basi, nani anywe maji ya bomba lipi.

Baba yake alikuwa dereva na makanika wa familia tajiri za Wazungu. Kazi hiyo ilimpa kitu ambacho vibarua wa viwandani hawakuwa nacho, nacho ni ujuzi unaotembea na mtu. Mtoto aliona tofauti hiyo mapema. Wanaume wa mtaani kwao waliingia kiwandani alfajiri wakatoka jioni, siku nzima wakiamriwa na msimamizi, na Wendell aliapa kwamba maisha hayo hayataki. Akajifunza magari kutoka kwa baba yake. Kwa baiskeli alishindana na watoto wa Kizungu na kuwapita. Kwenye miteremko mikali ya mtaa alishuka kasi akiwa amesimama juu ya kiatu kimoja cha magurudumu. Shule ya sekondari hakuimaliza. Akawa dereva wa teksi, na faini za mwendo kasi zikamfuata.

Mwaka 1943 alimwoa Mary Coles. Kisha vita vikamchukua. Alitumikia Ulaya katika jeshi ambalo lenyewe lilikuwa limetenga askari weusi na weupe, akaifanya kazi ile ile aliyoijua, ya kutengeneza magari. Aliporudi Danville alifungua gereji. Familia ikakua hadi watoto saba, na mapato ya gereji hayakutosha.

Hapo ndipo gongo linapoingia kwenye historia hii. Milimani huko Virginia na North Carolina watu walipika pombe haramu usiku, pombe ya aina ile ambayo Mtanzania ataiita gongo na Mkenya chang'aa. Iliyopikwa ilibidi ifike mjini kabla ya kupambazuka, na polisi walikuwa njiani. Magari ya kazi hiyo yalionekana ya kawaida kwa nje. Ndani injini ilikuwa imeongezewa nguvu, na springi za nyuma zimekazwa ili mzigo usililaze gari na kumshtua askari. Kila kona ilikuwa mtihani wa dereva, na kila safari ilikuwa mtihani wa fundi. Scott alikuwa vyote viwili, naye alilipwa vizuri kuliko kwenye gereji. Polisi walimkimbiza mara nyingi. Mwaka 1949 walimpata, akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu.

Hakuwa peke yake. Sehemu kubwa ya mchezo huu wa kusini ilizaliwa kwenye barabara hizo za usiku. Junior Johnson, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa NASCAR, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa gongo wa baba yake na akafungwa. Alipotoka alirudi kwenye mbio, na mashabiki wakampenda zaidi. Kwa Mzungu, rekodi ya polisi iligeuka kuwa sehemu ya sifa zake. Kwa Scott, rekodi hiyo ilikuja kufungua mlango kwa njia ambayo hakuna mtu angeitabiri.

1952: jina latoka polisi

Wakati huo mbio za magari zilikuwa zikisambaa kusini kote, kwenye viwanja vya udongo vya maonyesho ya kilimo. Bill France, mfanyabiashara wa Daytona Beach huko Florida, alikuwa ameanzisha NASCAR na kuiandikisha mwaka 1948. Palikuwepo pia vyama vidogo, kimoja kikiitwa Dixie Circuit. Waandaaji wake waliokuwa wakikimbiza magari Danville walikuwa na tatizo la watazamaji wachache. Wakapata wazo: wamtafute dereva mweusi ashindane na Wazungu, watu waje kuona ajabu hiyo. Walikwenda polisi kuuliza ni mtu gani mweusi anayeendesha gari kwa kasi kuliko wote mjini. Polisi walikuwa na jina tayari.

Basi tarehe 23 Mei 1952 Wendell Scott aliingia kwenye uwanja wa mbio wa Danville. Alialikwa ili watu wacheke, na hilo tusilifiche. Sehemu ya umati ilimzomea, na gari lake likaharibika kabla mbio hazijaisha. Lakini katika mizunguko ile michache alikuwa amegundua kwamba kazi aliyoifanya gizani miaka yote inaweza kufanywa mchana, mbele ya watu, bila kukimbizwa na mtu.

Kesho yake alilitengeneza gari, akalifunga nyuma ya jingine, akalivuta hadi Winston-Salem kwenye mbio zilizosimamiwa na NASCAR. Maofisa wakamwambia weusi hawaruhusiwi. Alisimulia baadaye kwamba alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Siku chache baadaye akajaribu High Point. Huko nako alikataliwa, ila walimpa pendekezo: gari libaki, aliendeshe kijana wa Kizungu. Alikataa kwa maneno makali. Walikuwa tayari kulipokea gari lake bila yeye, na kwa mtu aliyelijenga kwa mikono yake hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Akarudi kwenye vyama vidogo. Siku ya 12 tangu aanze mbio, alishinda kwa mara ya kwanza, mjini Lynchburg, Virginia. Zilikuwa mbio fupi za madereva wasio wa kulipwa, lakini hakuacha tena.

Leseni na miaka ya udongo

Polepole baadhi ya watazamaji na madereva wa Kizungu walianza kumkubali. Waliona gari linatengenezwa usiku na kukimbia mchana, na mafundi hutambuana hata pale watu wengine wanapokataa. Earl Brooks, dereva mwenzake wa Kizungu, alikuwa rafiki yake kwa miaka mingi na alimsaidia kazi za gari.

Leseni ya NASCAR aliipata Richmond, kwa ofisa mmoja wa uwanjani aitwaye Mike Poston, aliyekubali kumwandikisha bila kuuliza makao makuu. Poston alimwonya kwamba atagongwa na kusumbuliwa, Scott akajibu kwamba atavumilia. Wakubwa wa chama walipojua, jina lilikuwa limeshaandikwa.

Mwaka 1954 alikutana ana kwa ana na Bill France. Mwandaaji wa mbio za Raleigh alikuwa amewapa madereva waliotoka mbali hela ya petroli, akamnyima Scott. Scott akamfuata France na kumweleza. Kwa maelezo yake mwenyewe, France alitoa fedha mfukoni na kumhakikishia kwamba yeye ni mwanachama wa NASCAR na atatendewa kama mwanachama. Nadhani France alimaanisha alichosema siku ile. Lakini waandaaji walioendelea kumfungia Scott nje walibaki washirika wake wa biashara bila kuadhibiwa, na mwaka 1972 huyo huyo France alimuunga mkono George Wallace, gavana wa Alabama aliyepata umaarufu kwa kutetea ubaguzi, katika kampeni yake ya urais. Scott alipewa ahadi na mtu ambaye hakuwa tayari kugombana na marafiki zake kwa ajili ya ahadi hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi na habari chache. Alikimbia viwanja vya Virginia na North Carolina, mara kadhaa kwa wiki. Mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa daraja la Sportsman katika uwanja wa Southside, Richmond, na ubingwa wa jimbo zima la Virginia wa daraja hilo. Alikuwa na umri wa miaka 38.

1961: daraja la juu

Tarehe 4 Machi 1961, huko Spartanburg, South Carolina, Scott aliingia katika daraja la juu lililoitwa Grand National. Wapo weusi wawili watatu waliowahi kukimbia humo kabla yake. Mmoja wao, Charlie Scott, ambaye hakuwa ndugu yake, alikimbia ufukweni Daytona mwaka 1956. Lakini hao waliingia mara moja wakatoka. Wendell Scott alikuja kukaa.

Kukaa kulikuwa na gharama zake. Familia ilisafiri usiku na gari la mbio likivutwa nyuma. Hoteli nyingi hazikuwapokea, kwa hiyo walilala garini. Migahawa haikuwauzia, kwa hiyo Mary alipika na kufungasha kabla ya safari. Watoto wa kiume walikua wakiwa na grisi mikononi, na ndio waliokuwa timu yake: kujaza mafuta, kubadilisha tairi, kushika taa baba anapofungua injini usiku wa manane. Vipuri vingi vilikuwa vya mitumba, vilivyotumika na timu tajiri vikachoka. Tairi ambazo wengine walizitupa baada ya mbio, yeye alizichagua zilizobaki na uhai.

Uwanja wa Darlington, South Carolina, mmoja wa viwanja mashuhuri kuliko vyote, ulimkatalia kuingia kwa miaka kadhaa. Kwingine wakaguzi wa magari walimtafutia makosa ambayo kwa wengine waliyafumbia macho. Uwanjani kwenyewe wapo waliomgonga makusudi, naye alijua kwamba akijibu kwa ngumi atafungiwa yeye. Akajifunza kumeza. Ila siku moja hakumeza. Dereva mmoja mwenye jina kubwa alikuwa amemwandama mbio baada ya mbio. Huko Winston-Salem, magari yakiwa bado yanazunguka taratibu kusubiri bendera ya kuanzia, mtu huyo akaja ubavuni akimtikisia ngumi. Scott akainua bastola na kumwelekezea. Hakusumbuliwa naye tena.

Sisemi kwamba bastola ilikuwa jibu zuri. Nasema chama kilichoahidi kumlinda mwanachama wake kilimwacha mpaka akajilinda mwenyewe.

Mwaka 1963

Ili kuielewa siku ya ushindi wake, tuangalie kwanza mwaka wenyewe. Danville, mjini kwake, weusi waliandamana kudai haki. Usiku wa tarehe 10 Juni polisi na raia waliopewa virungu waliwashambulia waandamanaji kwa maji ya mipira ya zimamoto na kuwapiga. Watu wengi wakaishia hospitali. Septemba bomu liliua wasichana wanne kanisani Birmingham, Alabama. Tarehe 22 Novemba Rais Kennedy aliuawa Dallas. Na mji wa Jacksonville, Florida, ambako Scott alikuwa anakwenda kukimbia, ulikuwa na historia yake: Agosti 1960 kundi la Wazungu wenye mipini ya shoka liliwashambulia vijana weusi waliokuwa wakidai kuhudumiwa kwenye migahawa.

Jumapili ya tarehe Mosi Desemba 1963, siku tisa baada ya kifo cha Kennedy, Scott alifika Jacksonville na Chevrolet Bel Air ya mwaka 1962, aliyoinunua kwa Ned Jarrett, bingwa wa NASCAR wa mwaka 1961. Uwanja ulikuwa wa udongo, nusu maili kwa mzunguko, yaani kama mita 800. Mbio zilikuwa mizunguko 200, maili 100 kamili. Udongo wa uwanja ulikuwa umechimbika vibaya. Magari yalirushwa juu na kubamizwa, na moja baada ya jingine yakaanza kukatika vyuma. Katika hali kama hiyo nguvu ya injini husaidia kidogo. Kinachosaidia ni kujua gari lako litastahimili nini, uliegeshe wapi kwenye kona, shimo lipi ulikwepe na lipi ulivumilie. Fundi aliyefunga kila nati ya gari lake anaisikia nati inayolegea kabla haijadondoka.

Richard Petty, kijana ambaye baadaye angeshinda mbio 200 za daraja hilo na kuitwa Mfalme, alikuwa anaongoza, gari lake likiwa limeanza kupata hitilafu. Mizunguko 25 ikiwa imebaki, Scott akampita. Akaongoza mpaka mwisho.

Ila bendera ya miraba myeusi na myeupe haikushuka kwa ajili yake. Alimaliza mizunguko yake 200, hakuna bendera. Akaendelea. Bendera ilishuka kwa Buck Baker, naye akaelekea kwenye jukwaa la mshindi, akapokea kombe, akapigwa picha na mrembo wa mashindano. Scott aliingia akalalamika. Alijua hesabu yake, na wanawe walijua pia. Wasimamizi wakaanza kupitia karatasi zao. Yalipita kama masaa mawili, watazamaji wakaondoka, waandishi wakaondoka, Baker akaondoka na kombe. Uwanja ulipokuwa mtupu wakamwita Scott wakamwambia kwamba kweli ameshinda. Karatasi zilionyesha amekimbia mizunguko 202. Alikuwa amemwacha Baker mizunguko miwili kamili.

Wakamlipa zawadi ya dola 1,000 na kusema ilikuwa kosa la kuhesabu.

Makosa ya kuhesabu yalikuwepo siku hizo, kwa sababu mizunguko iliandikwa kwa mkono. Mwaka 1959 mbio za kwanza za Daytona 500 zilichukua siku tatu kumpata mshindi. Lakini pale magari mawili yalimaliza sambamba, na jicho lilihitaji picha ili kuamua. Jacksonville tunaambiwa kwamba hakuna aliyeliona gari lililowapita wote mara mbili, gari pekee uwanjani lililoendeshwa na mtu mweusi. Scott aliamini mpaka kufa kwake kwamba waliona vizuri. Kwa imani yake, walichoogopa ni picha: mwanamume mweusi jukwaani, na mrembo wa Kizungu anayempa busu la ushindi kama ilivyokuwa desturi, mbele ya umati wa Florida, mwaka 1963. Mimi naona yuko sahihi. Sababu nyingine yoyote inadai tuamini upofu wa watu wengi kwa wakati mmoja.

Wiki kadhaa baadaye, huko Savannah, Georgia, alipewa kitu cha mbao cha bei ndogo kikiitwa kombe lake.

Kilichopotea siku ile

Waandishi wengi wanaposimulia Jacksonville hulilia kombe. Naona kilichoibwa ni kikubwa zaidi ya kombe. Mchezo huu unaendeshwa kwa fedha, na fedha hufuata picha. Dereva anayeshinda anaonekana gazetini Jumatatu asubuhi, muuzaji wa magari au wa mafuta ya injini anaona jina lake, anampigia simu. Simu hiyo inaleta injini mpya, injini mpya inaleta ushindi mwingine. Ndivyo madereva wengi wa Kizungu wa kizazi chake walivyopanda. Ushindi wa Scott ulitangazwa kwenye uwanja mtupu, na simu haikupigwa.

Nao wakati haukusubiri. Mwaka 1964 kampuni ya Chrysler ilileta injini ya Hemi, na Petty akaitumia kuchukua Daytona 500. Ford nayo ilimwaga fedha kwenye timu zake. Pengo kati ya timu za kampuni na madereva waliojitegemea likawa kubwa mno. Scott alikuwa anashindana na viwanda vizima kwa vifaa vya mkono wa pili.

Katika mazingira hayo, tazama alichofanya. Msimu wa 1964, ambao mbio za Jacksonville zilihesabiwa ndani yake, alimaliza wa 12 kwa pointi nchini kote. Mwaka 1966 alimaliza wa 6. Mwaka 1967 wa 10, kisha wa 9 mwaka 1968 na wa 9 tena 1969. Miaka hiyo alianza mbio zaidi ya 40 kila msimu, akisafiri kutoka jimbo hadi jimbo. Katika mbio zake zote, mara 147 alimaliza ndani ya kumi bora. Pointi za msimu hupewa anayefika, na kufika ni kazi ya fundi. Mara nyingi alilazimika kupunguza mwendo makusudi, kwa sababu injini ikipasuka hakuwa na nyingine, na bila zawadi ya Jumapili hakukuwa na petroli ya kurudi nyumbani.

1970 hadi 1973: lami ndefu

Madereva wa aina yake waliishi kwa viwanja vifupi vya udongo. Huko gari bora halikuwa na nafasi kubwa ya kumwacha dereva bora, na mbio zilikuwa nyingi. Viwanja vikubwa vya lami vilikuwa vinaongezeka: Daytona mwaka 1959, Charlotte na Atlanta 1960, Talladega 1969. Septemba 1970, mjini Raleigh, daraja la juu lilikimbia kwenye udongo kwa mara ya mwisho katika karne ile. Kisha kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ikaja na udhamini mkubwa, na kuanzia 1972 mbio fupi ziliondolewa kwenye ratiba, zikabaki zipatazo 30 kwa mwaka. NASCAR ilipata televisheni na utajiri. Wadogo walipoteza mkate wao, na Scott alikuwa miongoni mwao, akiwa na umri wa miaka 50.

Alifanya alichokifanya maisha yake yote, akajaribu tena. Aliingia kwenye deni kununua Mercury iliyofaa viwanja vikubwa. Tarehe 6 Mei 1973 aliipeleka Talladega, uwanja wa maili 2.66 ambako magari hupita maili 180 kwa saa. Magari 60 yalianza. Mapema katika mbio injini ya gari moja ilipasuka na kumwaga mafuta kwenye lami, magari yaliyofuata yakateleza na kugongana katika wingu la moshi na vumbi, zaidi ya 20 kwa jumla. Mercury ya Scott ilikuwa katikati yake. Alivunjika fupanyonga na mbavu, akaumia miguu na mkono. Gari lilikuwa chuma chakavu, na deni lilibaki vilevile.

Oktoba mwaka huo huo, mifupa ikiwa imeungana kwa kiasi, alikwenda Charlotte kukimbia mbio moja zaidi. Alimaliza wa 12. Akarudi Danville, akafungua mlango wa gereji, akaendelea kutengeneza magari ya watu.

Kombe

Mwaka 1977 Hollywood ilitoa filamu juu yake, Greased Lightning, Richard Pryor akiigiza nafasi yake na Pam Grier nafasi ya Mary. Filamu hiyo inachekesha na inapendeza, ila inamalizika kwa shangwe ambazo mwenyewe hakuzipata.

Wendell Scott alifariki tarehe 23 Desemba 1990 mjini Danville kwa saratani ya uti wa mgongo, akiwa na umri wa miaka 69. Mtaa aliokuwa akiishi ulipewa jina lake. Tarehe 30 Januari 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR mjini Charlotte, Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Bubba Wallace alishinda Talladega, uwanja ule ule uliomvunja Scott, akawa dereva mweusi wa pili kushinda mbio za daraja la juu. Kati ya wa kwanza na wa pili ilipita miaka 57 na miezi kumi.

Kombe la Jacksonville familia iliendelea kulidai miaka yote hiyo. NASCAR ililikabidhi uwanjani Daytona tarehe 28 Agosti 2021, likiwa limetengenezwa upya. Wanawe, waliokuwa wakimpa baba yao spana, walilipokea wakiwa wazee. Kesho yake Wendell Scott angetimiza miaka 100.